Kishikio cha kupakia rangi visanamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaopaka rangi visanamu vya kimo cha mm 28 hadi 75: kete za sataranji, watu na wanyama wa pango la Noeli, askari wa michezo ya mezani, na vile vya rezini vinavyotoka kwenye printa za 3D. Kishikio tunachokieleza kinatengenezwa kwa kipande cha mpini wa jembe, shingo ya chupa ya soda na spoku ya baiskeli. Vyote vinapatikana Tabora bila kuagiza kitu Dar es Salaam. Tukisema "mpini" tunamaanisha sehemu inayokaa kiganjani, "kichwa" ni sehemu ya juu inayobeba kisanamu, na "kishikio" ni kitu kizima.

Kwani vidole vina kasoro gani?

Vina mafuta na jasho. Rangi ya akriliki hukauka juujuu kwa dakika chache, hasa Tabora mwezi wa Agosti hewa ikiwa kavu, lakini haijashika vizuri hadi kesho yake. Ukiigusagusa kabla ya hapo inaanza kulika kwenye sehemu zilizotokeza: pua, goti, ncha ya bega, ukingo wa ngao. Mtu analaumu praima (rangi ya msingi inayotangulia) kumbe ni kidole gumba chake.

Halafu kuna uchovu. Ukibana kitu chembamba kwa ncha za vidole kwa nusu saa, msuli ulio chini ya kidole gumba unakaza na mkono unaanza kutetemeka. Mtetemeko huo unakwenda moja kwa moja kwenye jicho unalolichora, ambalo upana wake haufiki milimita moja. Mpini mnene unashikwa na kiganja kizima, hivyo hakuna kidole kinachobeba kazi peke yake.

Kopo la vidonge halitoshi?

Linatosha kuanzia. Chukua kopo la plastiki la kipenyo cha mm 30 hadi 40, lijaze mchanga mkavu theluthi mbili, funga, weka tepu ya pande mbili juu ya kifuniko, bandika kisanamu. Bila mchanga ni jepesi mno na huanguka ukilipita na kiwiko.

Kasoro yake ni kwamba lina kichwa kimoja. Kisanamu kikiwa kinakauka, kopo zima limefungwa kazi. Na kila ukibandua na kubandika upya unagusa rangi. Shingo ya chupa inaondoa shida hiyo, kwa sababu kila kifuniko cha soda kinakuwa kichwa, na vifuniko vimejaa kila mahali.

Nahitaji nini na nini?

Kwa kishikio kimoja chenye vichwa sita:

- kipande cha mbao ya duara, urefu mm 105, kipenyo mm 32 hadi 36
- chupa moja ya plastiki ya soda ya nusu lita, na vifuniko sita vya aina hiyohiyo
- spoku moja ya baiskeli ya inchi 28
- plaiwudi ya mm 9, kipande cha ukubwa wa daftari kinazidi
- skrubu 12 za mm 10, zile nyembamba za bawaba ndogo
- msasa namba 80 na namba 240
- kipande cha tyubu ya baiskeli

Zana ni msumeno wa meno madogo, patasi au kisu kikali, tupa bapa na tupa ya pembetatu, plaizi, drili yenye biti ya mm 2 na ya mm 3, na jiko la mkaa. Jiliwa itakurahisishia. Ukikosa, kanyaga mbao juu ya stuli kama mafundi wanavyofanya.

Mbao gani inafaa?

Mpini wa jembe uliovunjika ndio njia ya mkato: umeshachongwa duara, umenyooka, na unene wake kwa kawaida unakaribia tunaoutaka. Pima kabla ya kukata, kwani mipini haifanani. Mpini wa mita moja unatoa vipande tisa.

Ukitaka kitu cha kudumu, pita kwenye karakana yoyote ya samani, iwe Ng'ambo, Isevya au Kanyenye, uombe mabaki ya mninga au mkurungu. Fundi mwenye mashine ya kukereza miguu ya vitanda atakutolea mpini kwa muda mfupi kuliko utakaotumia kumweleza unataka nini, kwa hiyo nenda na mchoro wenye vipimo. Kipande cha mninga cha mm 34 kwa 90 kina uzito wa takriban gramu 50. Uzito huo unatulia mkononi bila kuchosha. Cha paini kitakuwa karibu gramu 40, na kinabonyea kirahisi, ila kuchonga kwake ni laini kama jibini.

Mwembe tunaushauri kwa majaribio tu. Mbao yake ni laini na dumuzi wanaipenda. Baada ya miezi michache utaona unga mweupe mezani chini ya kishikio chako.

Ukisugua mninga kwa msasa, funika pua na mdomo. Vumbi lake linawasha, na wapo wanaobanwa kifua.

Mpini uwe mnene kiasi gani?

Shika mpini kama unavyoshika kikombe kisicho na mkono. Ncha ya kidole gumba ikifika kwenye ukucha wa kidole cha kati bila kujikaza, unene umekufaa. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya mm 32 na 38. Mwembamba zaidi unakurudisha kwenye kubana kwa ncha za vidole. Mnene zaidi unazuia kuuzungusha, na kuuzungusha ni nusu ya kazi.

Ukiwa na mpini mwembamba tayari, uviringishe tyubu ya baiskeli raundi mbili. Inaongeza unene na haitelezi hata mkono ukiwa na jasho.

Ncha ya juu inachongwaje ili iingie kwenye shingo ya chupa?

Ndani ya shingo ya chupa ya soda ni karibu mm 21.7. Unachonga ulimi wa kipenyo cha mm 21.5 kwenye ncha moja ya mpini, urefu mm 15. Chora mstari kuzunguka mpini, mm 15 kutoka ncha. Kata kwa msumeno juu ya mstari huo huku ukizungusha mbao, kina cha mm 6 kote kwa mpini wa mm 34, au mm 5 kwa wa mm 32. Usizidishe, maana ulimi utabaki mwembamba na utachezacheza. Kisha weka patasi kwenye ncha na upasue pembeni kufuata nyuzi za mbao, vipande vyembamba vyembamba, hadi ubaki na umbo la pembe nane. Malizia kwa tupa.

Kila baada ya misugo kumi ya tupa jaribu kuingiza shingo. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kiganja na isitoke ukiigeuza chini juu. Ukiona imelegea, usitupe mpini: viringisha karatasi iliyopakwa gundi nyeupe ya mbao kwenye ulimi, acha ikauke, sugua tena.

Urefu wa mm 15 una sababu. Shingo ni ndefu kuliko hapo kwa mm 4 au 5, na nafasi hiyo tupu chini ya kifuniko ndimo vichwa vya skrubu vitakaa. Wengi wanachonga ulimi unaojaza shingo nzima, kisha wanashangaa kifuniko hakikazi.

Shingo ya chupa inakaaje bila gundi?

Kwa joto. Plastiki ya chupa za soda ilivutwa wakati chupa inapulizwa kiwandani, na ikipata joto inajikunja kurudi ilikotoka. Shingo yenyewe haikuvutwa, kwa hiyo haijikunji. Mwili unajikunja, na unaweza kukumbatia mbao kwa nguvu kuliko gundi nyingi.

Kata chupa mm 55 chini ya ile pete nene iliyo chini ya kifuniko. Utabaki na shingo yenye sketi. Kwenye mpini, piga mifuo miwili ya kuzunguka kwa tupa ya pembetatu, mmoja mm 10 chini ya bega la ulimi (pale ulimi unapoanzia) na mwingine mm 30, kina mm 2. Sketi itazama humo na ndiyo kufuli yake. Ingiza mpini ndani ya sketi hadi ulimi ukae kwenye shingo. Acha kifuniko kimefungwa ili nyuzi za shingo, zile kifuniko kinapokazia, zisipoteze uduara, kisha zungushia shingo na kifuniko kitambaa kilicholowa maji.

Tumia makaa yaliyoiva, yasiyo na ndimi za moto. Shika mpini kwa chini, sketi iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya makaa, na uzungushe kama mtu anayechoma hindi, bila kusimama. Ndani ya nusu dakika sketi inaanza kunywea. Ikikaza kote, iondoe, iache ipoe yenyewe dakika tano kabla ya kugusa kifuniko.

Plastiki ikigeuka nyeupe, joto lilizidi na hapo imekuwa kama ganda la yai, itapasuka. Ikiwa na mikunjo upande mmoja, hukuizungusha sawasawa, irudishe jikoni upande huo. Na usitumie chupa nyepesi za maji, zile zinazobonyea ukizishika: sketi yake inachanika kwenye mfuo.

Kifuniko cha maji hakiingii kwenye shingo ya soda. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Chupa nyingi za maji zina shingo ya kipimo kingine. Chagua aina moja na ubaki nayo. Soda ina shingo nene zaidi, ndiyo maana tunaipendelea.

Kwa nini nisigundishe kisanamu moja kwa moja juu ya kifuniko?

Kwa sababu plastiki ya vifuniko haikubali gundi. Supagluu inaonekana imeshika, halafu katikati ya kazi inabanduka kama gamba, kisanamu kinaruka na mkuki unavunjika. Kuisugua kwa msasa kunasaidia kidogo tu.

Weka kisahani cha plaiwudi juu yake. Kata mraba wa mm 35, punguza kona, lainisha. Toboa kifuniko matundu mawili ya mm 3, yenye umbali wa mm 10 kati yake, karibu na katikati. Pitisha skrubu kutoka ndani ya kifuniko kwenda juu, ziume plaiwudi. Kifuniko kina unene wa karibu mm 2 na plaiwudi mm 9, kwa hiyo skrubu ya mm 10 haitokezi. Ya mm 12 itachomoza na itakukata kidole kikikutana nayo.

Tengeneza sita kwa mkupuo. Kichwa kikivuliwa kinakaa chenyewe mezani kama kijisufuria kilichofunikwa, na kisanamu kinakauka juu yake bila kuguswa.

Kisanamu kikae juu ya kichwa kwa kitu gani?

Hapa ndipo vishikio vingi vinaposhindwa, na hakuna jibu moja.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo chaguo letu la kwanza kwa visanamu vyenye kitako bapa. Tone moja la ukubwa wa punje ya mtama katikati ya kitako, bonyeza, acha saa moja. Kubandua, ingiza kisu chembamba kati ya kitako na plaiwudi na upindue kidogo. Kinatoka kwa mlio mdogo. Ukijaza kitako kizima gundi kitaondoka na tabaka la plaiwudi, nawe utaanza kusugua.

Tepu ya povu ya pande mbili, ile mafundi wa magari wanayobandikia nembo na mapambo, ni ya haraka. Kipande cha mm 10 kwa 10 kinatosha kisanamu cha plastiki. Cha chuma kinataka kipande kinachofunika kitako chote. Futa kwanza vumbi la plaiwudi, maana kiangazi cha Tabora kina vumbi hata ndani ya kabati, na tepu iliyokwisha kushika vumbi haina kazi.

Ulimbo wa kubandikia mabango ukutani, kama Blu Tack, unafaa kwa kisanamu chenye kitako kisicho sawa. Tatizo lake ni joto. Oktoba mchana unalainika na kisanamu kinaanza kuinama polepole, huoni hadi umeshachora mstari ukiwa umepinda. Ukilazimika kuutumia, fanya kazi asubuhi, au uviringishe nyuzi mbili za pamba ndani yake zikaushike.

Supagluu tunaikataa kabisa kwa kazi hii. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye rangi iliyo karibu, na kuibandua ni vita.

Tabora ina nta tele. Siwezi kubandika kwa nta ya nyuki?

Swali zuri na linaulizwa sana, hasa na jamaa wa Sikonge na Urambo. Jibu ni hapana kwa kichwa, ndiyo kwa mpini.

Nta inayeyuka karibu nyuzi joto 63, lakini inalainika mapema sana kabla ya hapo, ndani ya joto la kawaida la mchana wetu. Kisanamu kitateleza. Baya zaidi, utando wake ukibaki kwenye kitako au miguu, rangi ya akriliki inajikusanya matone kama maji kwenye jani la mgomba. Hauondoki kwa maji. Unahitaji sabuni, brashi ya meno na subira.

Kwenye mpini ni nzuri. Baada ya msasa namba 240, sugua kipande cha nta kwenye mbao, kisha kitambaa kikavu kwa nguvu hadi joto la msuguano liizamishe. Ishia mm 20 chini ya plastiki. Nawa mikono kabla ya kurudi kwenye visanamu.

Spoku ya nini?

Ni egemeo la mkono wenye brashi. Mikono miwili iliyo hewani hutetemeka kila mmoja kwa wakati wake. Kidole kidogo cha mkono wa brashi kikigusa waya uliofungwa kwenye mpini, mikono yote inatetemeka pamoja, na kwa brashi ni kama haitetemeki. Ukishachora macho mara moja kwa egemeo hutarudi nyuma.

Spoku ya kawaida ina unene wa mm 2 na urefu wa karibu mm 300. Kata kichwa chake na sehemu yenye nyuzi, ubaki na mm 219 kwa kisanamu cha mm 28 hadi 32. Ikunje umbo la U refu na jembamba: mm 15 za juu katikati, mm 75 za kushuka kila upande, kisha mm 15 za kuelekea kwenye mpini, na mm 12 za mwisho ndizo zinazozama ndani ya mbao. Kwa kisanamu cha mm 54, ongeza mm 20 kila upande wa kushuka.

Chuma cha spoku kina ukaidi. Ukitaka kona ya nyuzi 90, kunja hadi karibu 100, kitarudi chenyewe. Usipige nyundo, kunja kwa plaizi taratibu, na ukikosea usikunjue na kukunja tena palepale, kitakatika.

Toboa matundu mawili ya mm 2 ubavuni mwa mpini, mm 20 chini ya bega, umbali wa mm 15 kati yake, kina mm 12. Yapitishe juu ya sketi ya plastiki: waya ukiingia unakuwa pia kama msumari unaoizuia kuzunguka. Vuta ganda la waya wa umeme juu ya sehemu ya juu ya U kabla ya kuchomeka, la sivyo utaumia kidole. Kama waya unacheza ndani ya tundu, utoe, weka tone la epoksi, rudisha.

Upande wa kuwekea? Ule ulio mbali na kiganja chako, mkabala na mkono wa brashi. Anayetumia mkono wa kushoto hahitaji kishikio tofauti, anageuza tu.

Naweza kutumia sumaku?

Unaweza, na kwa mwenye visanamu vingi ndiyo njia safi kuliko zote. Sumaku ya neodimiamu ya mm 10 kwa 2 inazamishwa kwenye kisahani cha plaiwudi kwa tundu la kina cha mm 2 na tone la epoksi. Chini ya kitako cha kisanamu unabandika washa ya boliti ya spana 10, ambayo ina kipenyo cha mm 12. Uso wa sumaku uwe sawa na uso wa plaiwudi. Ikizama hata nusu milimita nguvu inapungua sana.

Jaribio: geuza kishikio chini juu na ukitikise juu ya kitanda. Kisanamu kikianguka, ongeza sumaku ya pili pembeni ya kwanza.

Sumaku za spika mbovu ni dhaifu kwa ukubwa huo. Za diski za kompyuta zilizokufa zina nguvu kupita kiasi na hazikatiki. Usijaribu kuzikata, zinapasuka vipande vikali. Pia usipeleke kichwa chenye sumaku karibu na makaa: aina ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi joto 80.

Kisanamu changu hakina kitako, kina miguu tu.

Kitoboe. Biti ya mm 1 ndani ya mguu mmoja, kina mm 5, ikizungushwa kwa vidole na siyo kwa drili ya umeme, ambayo huyeyusha plastiki. Chomeka kipande cha klipu ya karatasi iliyonyooshwa, acha mm 15 nje, kisha ubane kwenye kibanio cha nguo cha mbao kilichofungwa kwa skrubu juu ya kichwa. Tundu litatumika baadaye kukisimamishia mahali pake pa kudumu, kwa hiyo hupotezi kitu. Kwa sanamu za plasta za pango la Noeli, toboa polepole zaidi na upulize unga kila mara; plasta inapasuka kuanzia ukingoni.

Nipulizie praima kisanamu kikiwa juu ya kishikio?

Kichwa ndiyo, mpini hapana. Praima ikiingia kwenye nyuzi za shingo, kifuniko kitakwama au kitaacha makombo ndani. Chonga ulimi wa mm 21.5 kwenye kijiti kirefu cha sentimita 30, gandisha juu yake shingo ya pili ya chupa, na hicho kiwe kijiti cha kupulizia. Shikilia kopo sentimita 20 hadi 30, mipulizo mifupi, ukianza na kumalizia nje ya kisanamu. Na usimame upande upepo unakotoka. Praima ya magari inayouzwa kwenye maduka ya spea inaweza kuyeyusha plastiki ukiipuliza nene. Ijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki ambamo visanamu vilikatwa.

Kishikio kilikuwa imara Machi, Agosti kinalegea. Kwa nini?

Mbao ilikuwa mbichi. Ulichonga wakati wa mvua, mbao ikiwa imejaa unyevu, na kiangazi cha Tabora kimeikausha, imesinyaa, plastiki imebaki pale pale. Irudishe juu ya makaa kwa sekunde kama 20. Kama sketi bado ina uwezo wa kunywea itakaza. Ikigoma, kata, weka shingo mpya. Chupa ni bure.

Ili isijirudie, kata kipande cha mbao mapema na ukiache ndani ya nyumba, mahali pakavu pasipo jua, wiki tatu au nne kabla ya kuchonga. Walio Ujiji na Kigoma mjini, karibu na ziwa, wana shida ya upande mwingine: spoku inapata kutu. Ipake vanishi.

Kinaanguka nikikiweka mezani.

Toboa tundu la mm 21 chini ya mpini, kina mm 12, kwa biti bapa. Panga humo washa tano za boliti ya spana 17. Kila moja ina unene wa mm 2 na kipenyo cha mm 20. Mimina epoksi, sugua chini pawe bapa. Kwa kisanamu cha chuma cha mm 54 na zaidi hata hiyo haitoshi, na hapo heri ubao wenye matundu ya mm 38 wa kusimamishia vishikio kama mirija ya maabara.

Mtoto anaweza kutumia?

Wa miaka minane na kuendelea, ndiyo, kwa mpini wa mm 25 hadi 28 na bila egemeo la spoku. Kazi ya makaa na patasi ifanywe na mkubwa.

Si bora ninunue cha dukani?

Kampuni ya Uingereza ya Games Workshop inauza Citadel Painting Handle, yenye taya za springi zinazobana kitako. Ni kizuri na taya zake zinafungua haraka kuliko gundi yoyote. Ila taya hizo zinafunika ukingo wa kitako, huwezi kuupaka hadi ukitoe, na kila kisanamu kinachokauka kinataka kishikio chake. Taya za namna hiyo kwa mbao na raba bendi tunaziona kazi bure: zinabana upande mmoja zaidi, kisanamu kinakaa mshazari.

Rangi imekauka, nimevanishi, lakini kisanamu hakibanduki kwenye kichwa.

Usivute kisanamu. Vua kichwa kwenye mpini, fungua skrubu mbili kutoka ndani ya kifuniko, utabaki na kisanamu na kisahani cha plaiwudi. Loweka kisahani peke yake kwenye sahani yenye maji kina cha mm 5, kitako kisiguswe na maji. Baada ya saa moja gundi nyeupe itakuwa imelainika kama ugali mwepesi na kisu kitapita. Kikikataa bado, pasua plaiwudi kwa patasi tabaka moja moja kutoka chini hadi ufike kwenye gundi, kisha sugua mabaki kwa msasa uliolala bapa mezani. Kisahani kingine ni dakika kumi.